Mtoto Akipelekwa Chekechea: Kutoka Tunduma Hadi Ileje

Kama hujafika Tunduma, panda basi Mbeya mjini, upite Mbalizi, Mlowo na Vwawa, na baada ya kilometa 100 hivi utajua umefika kwa kuyaona malori. Yamejipanga kando ya barabara kuu, moja nyuma ya jingine. Haya yangoja kuingia Zambia, na yale yaleta shaba ya Zambia na Kongo kwenye bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha nchi mbili, ili mizigo isikaguliwe mara mbili, lakini malori hayakwisha. Ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, na wachuuzi huenda na kurudi mchana kutwa.

Sasa fika huko mwezi wa Januari, asubuhi shule zinapofunguliwa. Ndiyo majira ya mvua, na matope yamejaa njiani. Katikati ya malori hayo utamwona mama amemshika mkono mtoto wa miaka mitano. Sare yake ni mpya, na sweta limenunuliwa kubwa ili lifae na mwakani. Mkononi ana kikombe cha uji. Mtoto huyu aenda darasa la awali, ambalo wazee walizoea kuliita shule ya vidudu. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka huo mmoja wa awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada. Basi madarasa yamejaa, na mlangoni siku hiyo ni vilio vitupu.

Simama kidogo utazame jinsi wazazi wanavyoachana na watoto wao. Wengi hutoroka. Mama humwambia mtoto, "Tazama wenzako kule wanacheza," na mtoto akigeuza shingo tu, mama amekwisha kupita nyuma ya ukuta. Hudhani amefanya hekima, maana hakusikia kilio. Lakini fikiri, mzazi mwenzangu. Mtoto aliyetorokwa haketi. Hutoka kumtafuta mama yake, na hapa Tunduma nje ya shule ni barabara ya malori, na dereva aliye juu hawezi kumwona mtu wa kimo kile. Kijijini hakuna malori, lakini kuna kijito kilichojaa maji ya Januari. Hata yule asiyetoka amejifunza jambo moja: kwamba mama akikuambia utazame kule, anataka kukuacha. Kesho atamng'ang'ania kitenge tangu mlangoni mwa nyumba.

Yafaa kumwaga. Mpe mwalimu mkono wa mtoto, mwambie mwanao waziwazi, "Mimi naenda. Mkisha kunywa uji na kucheza, nitakuja kukuchukua." Kisha enda zako. Atalia, naam. Mwache alie. Waulize walimu wa madarasa hayo, watakuambia kwamba wengi hunyamaza muda si mrefu baada ya mzazi kutoweka machoni. Anayekirefusha kilio ni yule mzazi anayesimama dirishani akichungulia, au anayerudi mara tatu kumfuta machozi. Kila akirudi, mtoto huanza upya.

Angalia nilivyosema: "mkisha kunywa uji." Usimwambie saa. Mtoto wa miaka mitano haijui saa, na mpakani hapa hata mtu mzima hupotezwa nayo. Tunduma ikiwa saa sita mchana, Nakonde ndiyo kwanza saa tano, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Mama aliyevuka kuuza nyanya akitazama saa ya ng'ambo ataona ana muda wa kutosha, na huku wenzake mwanawe wamekwisha kuchukuliwa. Simu nayo ikishika mtandao wa ng'ambo yaweza kujibadilisha saa yenyewe. Kwa hiyo uwapo Nakonde, hesabu saa za Tunduma. Ukisema utakuja ukakawia, kuaga kwako kwa asubuhi kumekuwa bure.

Tuuache mji sasa. Ukirudi Vwawa na kuingia vijijini Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa, utasikia Kinyiha. Huku Ileje milimani ni Kindali, na Momba wengi husema Kinyamwanga. Mtoto wa huko aweza kuwa mtoto mwerevu sana nyumbani, hodari wa hadithi na vitendawili, kisha akafika darasani akawa kama bubu, kwa kuwa mwalimu husema Kiswahili tu. Kinachomwumiza si masomo. Ni kwamba amebanwa na haja ndogo na hajui jinsi ya kuomba ruhusa. Akijikojolea siku ya kwanza mbele ya wenzake, siku ya pili mtamtafuta chini ya kitanda. Basi wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa mfundishe maneno machache: "Mwalimu, naomba kwenda chooni." "Naomba maji." "Naumwa." Afahamu kutaja jina lake kamili, la baba yake na la kitongoji chake. Lugha ya nyumbani asikatazwe hata kidogo. Mwongezee tu.

Tena, acheni kumtisha kwa mwalimu. Mwaka mzima mtoto akivunja sahani huambiwa, "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha!" Kisha Januari mwamkabidhi kwa mtu huyo huyo, nanyi mwashangaa kwa nini analia.

Na nani ampeleke? Desturi ni mama, maana Januari baba yuko shambani anapalilia mahindi. Mimi naona aende yule ambaye mtoto humlilia kidogo zaidi. Kwa wengine ni baba, kwa wengine ni kaka yake wa darasa la nne. Bibi nisameheni, lakini ninyi msipewe kazi hii. Mjukuu akitoa chozi moja tu, bibi humbeba mgongoni na kumrudisha nyumbani, na shule imekwisha kabla ya kuanza.

Ukimtuma kaka, kumbuka kwamba darasa la awali hutoka mapema, na yeye hubaki mpaka baadaye. Muulize mwalimu siku hiyo hiyo wadogo hutoka saa ngapi, mpange nani atamfuata. Usishangae pia kama siku ya kwanza hakulia, akaanza kulia siku ya tatu. Siku ya kwanza alidhani ni matembezi. Siku ya tatu amefahamu kwamba ni kila siku.

Akirudi nyumbani, usianze kumwuliza amejifunza nini, maana hatakuwa na la kusema. Mwulize aliketi na nani. Akikutajia jina, tafuta ni mtoto wa nyumba gani, na kesho asubuhi mpitie njiani, waingie getini wawili.