Mng'ao wa Jalada na Hatima ya Karatasi

Katika karakana za uchapaji za Kariakoo, Dar es Salaam, mtu wa mwisho kuishika kazi kabla haijamfikia mteja ni fundi wa umaliziaji. Ndiye anayekunja, anayekata, anayetia gundi mgongo wa kitabu na kulivika jalada plastiki. Mmoja wao, mzee ambaye sasa kazi amewaachia vijana, anaikumbuka miaka ya 1980 kwa harufu ya gundi ya unga wa ngano iliyopikwa kama uji mzito. Vitabu vya hesabu vya maofisini vilishonwa kwa uzi na sindano, mgongo ukabandikwa kitambaa. Hakuna aliyeyaita hayo utunzaji wa mazingira. Ndivyo kazi ilivyofanywa. Mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, waliosifika katika karne ya 19 kwa kunakili na kujalidi misahafu, nao walitumia vitu vinavyooza: karatasi, uzi na ngozi.

Kisha ikaja laminesheni. Filamu nyembamba ya polipropilini hupitishwa pamoja na karatasi kati ya rola zenye joto la nyuzi 100 au zaidi, nayo inang'ang'ania hapo moja kwa moja. Wateja waliipenda mara moja. Rangi ziliiva, na chai ikimwagika juu ya jalada ilifutwa kwa kitambaa. Ilianza kwenye vitabu, ikahamia kwenye kalenda na menyu za hoteli, mwisho ikafika kwenye kadi za harusi, ambazo hutupwa wiki moja baada ya sherehe.

"Fundi, nataka ing'ae." Mzee anasema agizo hilo alilisikia mara nyingi kuliko salamu.

Chukua kadi ya aina hiyo uichane kona. Karatasi tupu hukatika na kuacha manyoya meupe. Hii ya laminesheni hugoma kwanza, kisha ngozi nyembamba inayopenyeza mwanga huvutika na kubaki ikining'inia. Ngozi hiyo ndiyo shida yote. Katika kiwanda cha kurejeleza, karatasi kuukuu hulowekwa na kuvurugwa majini hadi nyuzi zake ziachane. Filamu haiachani, hutoka vipande vipande ikiwa imeng'ang'aniwa na nyuzi nzuri, navyo huishia kutupwa au kuchomwa. Vanishi inayokaushwa kwa taa za urujuanimno huvunjika kuwa chembe ngumu zinazoonekana kama madoa kwenye karatasi mpya. Gundi ya moto ya EVA, iliyozoeleka kwenye migongo ya vitabu, hugeuka nata inayoziba vichujio.

Mzee hakuhitaji kufika kiwandani ili ayaone hayo. Wanunuzi wa mabaki waliyachukua makapi meupe ya mashine ya kukatia, wakayapima kwa kilo na kulipa. Yenye laminesheni waliyaacha palepale, yakasubiri gari la taka.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ilikuwa imetangulia tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda tangu 2008. Karakana zikapata kazi mpya ya kutengeneza mifuko ya karatasi ya maduka. Ajabu ni kwamba baadhi ya wateja waliitaka mifuko hiyo nayo ivikwe filamu! Mfuko wa karatasi uliovikwa plastiki umeirudisha plastiki kwa mlango wa nyuma, na mzee anasema hapo ndipo alipoanza kubishana na wateja.

Alikuwa na cha kuwapa badala yake. Vanishi ya maji hukauka kwa hewa ya moto, nayo haizuii karatasi kuvurugika kiwandani. Mng'ao wake ni wa chini kuliko wa filamu, lakini wino hausuguki mikononi. Mashine ya kuchapa yenye kitengo chake huipaka papo hapo, hivyo hatua nzima ya kazi inaokolewa. Kwa migongo ya vitabu ipo gundi ya PUR, inayoyeyushwa kwa joto la chini kuliko EVA na kupakwa kwa tabaka jembamba zaidi. Kiwandani hubaki katika vipande vikubwa vinavyochujika kwa urahisi. Sharti lake ni chumba chenye hewa ya kutosha, maana mvuke wake hudhuru mapafu, na hilo si la kupuuzwa katika vyumba vya Kariakoo.

Nakshi ya rangi ya dhahabu kwenye kadi za harusi, kinyume na inavyodhaniwa, haina ubaya mkubwa hivyo. Kinachobaki kwenye karatasi ni utando wa alumini usiofikia hata mikroni moja. Taka yenyewe ni utepe wa poliesta uliobeba dhahabu hiyo, ambao hubaki karakanani.

Laminesheni haistahili kufukuzwa kila mahali. Kitabu cha kiada kinachopokezanwa na wanafunzi mwaka hadi mwaka kinaihitaji, kwa sababu jalada likichakaa mapema kitabu kizima huchapwa upya, na hiyo nayo ni karatasi, wino na umeme. Kadi ya mchango, kipeperushi na ripoti ya mwaka havina udhuru huo.

Basi anayekwenda kuagiza kazi na amuulize fundi kabla ya kulipa malipo ya awali: je, vanishi ya maji ipo, na gundi ya mgongo ni ipi? Mafundi wengi wanajua jibu. Wanangoja mteja wa kuuliza.