Perege wa Thika

Kutoka Ruiru hadi Thika si mbali, lakini safari fupi nayo ina mafunzo. Huko Thika, mjini penye maporomoko ya mto Chania, mwenyeji wangu alifuga perege katika sanduku la kioo. Aliwatoa bwawani Ruiru. Nilimkuta ana huzuni. Jike mmoja alikataa chakula siku nne, na koo limemvimba. Alitaka kumtupa. Nikamsihi angoje, kwani perege jike wa aina hiyo huatamia mayai kinywani, naye hujinyima chakula. Niliporudi juma la pili, vifaranga walikuwa wakiogelea. Tulipokaribia wakakimbilia kinywani mwa mama yao. Wafugaji wenzangu, chunguzeni kwanza: asiyekula pengine analea.