Daktari Ambaye Hakushika Kisu

Shangazi yangu anaishi Columbus, Ohio. Alibadilishiwa nyonga asubuhi, jioni akasimamishwa kwa fremu ya kutembelea, na kesho yake tukaambiwa tumchukue. Wagonjwa wa kwanza wa John Charnley, aliyeanzisha nyonga bandia ya kisasa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, walilala wodini wiki kadhaa. Wiki hizo bado zipo, ila zimehamia nyumbani, mikononi mwa mgonjwa na nduguze. Huko ndiko nilikoona kazi ya daktari ambaye hakushika kisu.

Ni daktari wa kawaida wa familia. Hapokei bima, shangazi humlipa ada ya uanachama kila mwezi, chini ya dola 100, na kwa ada hiyo humwona anapohitaji, humpigia simu na kumwandikia ujumbe. Madaktari wa namna hii huwa na wagonjwa mia kadhaa tu, wakati wenzao wa kliniki za bima wanaweza kuwa na 2,000 na zaidi. Operesheni, kitanda cha hospitali na dawa ya usingizi vililipiwa na bima ya kazini. Ada ya mwezi hununua muda wa daktari.

Muda huo ulianza kutumika miezi kabla ya upasuaji. Daktari alianza na sukari, kwa kuwa sukari iliyopanda huongeza hatari ya maambukizi, na nyonga bandia ikishaingia wadudu mara nyingi hubidi mtu apasuliwe tena. Akapima wingi wa damu, akamtuma akang'olewe jino lililooza. Kisha akaja nyumbani. Akakunja mazulia madogo yanayoteleza, akapima kimo cha choo, akaomba kuona kitanda. Halafu akauliza jambo ambalo hospitalini hakuna aliyeliuliza: unaswali vipi?

Shangazi akamwonyesha, rukuu hadi sijda. Daktari akatazama mpaka mwisho, kisha akaeleza. Kwa aliyepasuliwa kwa upande wa nyuma, kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukaa amekunja nne au kuugeuza mguu kwa ndani kunaweza kuichomoa nyonga wiki za mwanzo. Wakakubaliana juu ya kiti kirefu chenye mikono. Dini imeshamruhusu mgonjwa kuswali amekaa, na shangazi aliijua ruhusa hiyo tangu utotoni Tanga. Alichokuwa hajapata ni mganga wa mwili anayejali kwamba yeye ni mtu wa kuswali. Tangu siku ile alimwamini.

Imani hiyo ilikuja kufanya kazi Jumamosi moja usiku, baada ya upasuaji, shavu la mguu lilipovimba na kuuma. Mguu kuvimba ni kawaida baada ya operesheni hii, lakini inaweza pia kuwa damu imeganda mshipani, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Ndiyo maana wagonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande kwa wiki kadhaa. Namjua shangazi. Mtu wa namna yake angekaa na maumivu mpaka Jumatatu, asimsumbue mtu. Wazee wetu wengi wamekufa kwa adabu hiyo. Safari hii aliandika ujumbe mwenyewe, daktari akapiga simu papo hapo, akauliza kama anapumua vizuri, akamtuma akapigwe picha ya mishipa usiku uleule na kuwaeleza wa huko wanamtafutia nini. Bonge halikuwapo.

Nimelifikiria sana lile la kutosumbua. Mgonjwa hunyamaza anapohisi kwamba kila swali lake linamla mtu muda. Shangazi alisema kwa sababu alikuwa anazungumza na mtu aliyemzoea, anayejua sukari yake, sebule yake na sala yake. Dawa nyingi tunazozisifu haziwezi kufanya kazi mgonjwa asiposema.

Pamoja na hayo, mpango huu wa ada ya mwezi unanipa simanzi. Kila daktari anayejipunguzia wagonjwa huwaacha wengine wakitafuta pa kwenda, na asiye na ada hupanga foleni ndefu zaidi. Serikali ya Marekani imeanza kuupa nafuu: tangu Januari 2026 sheria inaruhusu mtu kulipia uanachama huu kwa akiba yake ya matibabu isiyotozwa kodi, mradi ada isizidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Nafuu hiyo inamfikia mwenye akiba. Nikiwawazia vijana wa Tanzania wenye selimundu, ambao nyonga zao hufa mapema kwa kukosa damu, wanaopasuliwa Dar es Salaam kisha wakapanda basi kurudi mikoani, najiuliza shavu la mguu likivimba usiku watamwandikia nani. Kwao ningetaka mtu huyo awepo bila ada, awe daktari, muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji, mradi awe na simu na ajue jina la mgonjwa.

Nyonga bandia nyingi hudumu zaidi ya miaka 15, na zaidi ya nusu hufika 25. Shangazi ameshaacha fremu na anaendelea kulipa ada yake. Sasa wanashughulikia presha.