Nairobi hadi New York: Usiku Usiotaka Kucha

Wazee wetu walisafiri kwa kaskazi na kusi, na ndege nayo haikuachana na upepo. Baina ya Nairobi na New York pana takriban kilomita 11,800. Safari ya moja kwa moja, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na 14 kurudi. Saa hiyo moja ni hiba ya pepo za juu zivumazo kutoka magharibi.

Kwa bibi aendaye kumwona mjukuu, zito si umbali bali ni wakati. Ndege ikipaa karibu na usiku wa manane, hulikimbia jua. Saa ya mkononi itamwambia ni kumi na moja alfajiri, na Nairobi kweli wanaadhini. Yeye yu juu ya Sahara, nje giza totoro. Asisali kwa saa hiyo. Aangalie weupe wa upeoni, au amuulize mhudumu. Alfajiri yake huenda ikamkuta juu ya Atlantiki, ama keshatua. (Kiti cha kando ya njia huyafaa zaidi magoti.)

Akitaka kuwapigia simu waliobaki, New York iko nyuma yetu saa 7 katika kiangazi chao, 8 wakati wa baridi.