Hiyo VX Usiing'oe Bado

Ujiji, Kigoma

Mpwa wangu Hamisi,

Nimepata ujumbe wako kuhusu ile Toyota Land Cruiser VX iliyoletwa gerejini kwako Kasulu. Unasema mbele imelala, kwenye mashimo inagonga kama mkokoteni, na mwenyewe anataka ung'oe mfumo wote wa oili umfungie springi na shokapu za kawaida. Umeniuliza ununue springi zipi. Nakuomba usishike spana kwanza.

Land Cruiser 100 za aina hiyo, zilizoanza kutoka mwaka 1998, hazibebwi na oili peke yake. Mbele kuna toshenbaa, zile fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi, nyuma kuna springi, na hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya uzito. Oili inayosukumwa na pampu inamalizia kilichobaki. Kila gurudumu lina tufe lake la chuma, ndani kuna utando wa mpira: upande huu nitrojeni, upande ule oili. Nitrojeni ndiyo inayominyika gari likipiga shimo. Sensa mbili za mbele na moja ya nyuma zinapima kimo, na kompyuta inaongeza au kutoa oili mpaka gari lifike pale sensa zinapotaka.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Toshenbaa zikichoka, gari halilali mara moja. Pampu inaongeza oili, kimo kinabaki kilekile, na ukilitazama kwa nje utasema zima. Kumbe shinikizo limepanda, gesi imebanwa, gari limekuwa gumu. Likizidi hapo ndipo pua inashuka, maana pampu imeshindwa. Ukikaza toshenbaa ya gari ambalo mfumo wake unafanya kazi, usitegemee lipande: kompyuta itatoa oili na kimo kitabaki vilevile, ila shinikizo litashuka, na hilo ndilo tunalolitaka. Kimo chenyewe hurekebishwa kwenye sensa. Kwa hiyo kagua pia vile vijiti vya sensa. Vumbi na matope ya barabara zetu huvila, kimoja kikiganda kompyuta inadanganyika.

Anza na futi. Gari lisimame pahali tambarare, injini inawaka, swichi ya kimo iko N, yaani kimo cha kawaida. Kama jamaa amekuja na madumu ya mawese nyuma, yashushwe yote. Pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake. Usipime kutoka chini, kwa kuwa tairi za huku hubadilishwa saizi ovyo. Mbele upate kama milimita 500, nyuma kama 520. Baada ya hapo lipandishe hadi Hi, usome alama kwenye kopo la oili. Lishushe hadi Lo, usome tena. Matufe yakiwa mazima oili hupanda alama kama 14. Zikiwa 7 au pungufu, gesi imekwisha, na hakuna kukaza kutakakoirudisha.

Kimo kuficha gesi iliyokwisha si jambo la Toyota tu. Waingereza walitoa gari dogo la michezo, MGF, mwaka 1995, likiwa na mfumo uliobuniwa na Alex Moulton. Hilo halina pampu yake. Likilala kwa uzee, fundi hujaza kimiminika kupitia vali mpaka umbali kutoka habu hadi madigadi ufike milimita 368. Linasimama vizuri, lakini kama nitrojeni imeshavuja, kimiminika kilichoongezwa kimechukua tu nafasi ya gesi. Kimo kinarudi, ulaini haurudi.

Kuhusu usalama nakusihi kama baba yako angekusihi. Kabla ya kupiga jeki, bonyeza swichi ya OFF ya mfumo huo ili usijisawazishe wenyewe. Usilegeze nati ya kutolea oili ukiwa chini ya gari lisilo na stendi imara. Oili ikitoka, gari lote linashuka. Kopo lijazwe oili yake maalumu tu. Oili ya breki itaharibu mipira, na hapo utakuwa umeua kilichokuwa kizima.

Sisemi kubadilisha ni haramu. Matufe yakiwa yamekufa yote manne na mwenyewe hana uwezo wa mapya, mfungie springi na shokapu kwa roho safi. Matufe kuukuu ya kutoka gari lililokatwa usiyakubali. Huenda gesi yake nayo imekwisha kama ya haya. Ila mteja aamue baada ya vipimo.

Nitumie vipimo vya magurudumu yote manne, alama za kopo kwenye Hi na Lo, na picha ya vijiti vya sensa. Mpaka hapo usimtoze mtu hela ya springi.

Mjomba wako