Sauti ya Nani?

Mkesha wa Pasaka mwaka jana, sauti yangu ilikatika katikati ya zaburi. Si kwamba nilisahau maneno. Nilipanda kuelekea noti ya juu kabisa, ile ambayo yaya aliyenitangulia alikuwa akiifikia bila kukunja uso, nikatoa mlio kama wa mlango usiotiwa mafuta. Watoto walicheka. Mama mmoja wa safu ya pili aliinamisha kichwa, na huruma yake iliniuma kuliko kicheko cha watoto.

Yaya huyo aliongoza zaburi katika korali yetu kwa miaka sita, kisha akaenda Kolwezi kutafuta kazi migodini. Nilichaguliwa mimi kwa sababu, walisema, "munafanana sauti". Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nisikilize kwa miezi kadhaa bendi moja ya Marekani ambayo, nadhani, wengi katika kitivo chetu hawajawahi kuisikia.

Inaitwa Saosin. Niliikuta kwenye simu ya mwenzangu wa chumba, ambaye husikiliza muziki wa makelele usiku umeme ukikatika. (Anauita muziki wa kusomea sintaksia, anavyofaulu mitihani ni siri yake.) Wenyewe huuita posti-hadikoo: magitaa yanayofukuzana, ngoma za kasi, na mwimbaji anayehama ghafla kutoka kuimba hadi kupiga mayowe. Bendi ilianzia California mwaka 2003. Jina lake limetoka kwenye neno la Kichina, xiaoxin, yaani "uwe mwangalifu". Silabi kwa silabi ni "dogo" na "moyo". Mwanafunzi wa tafsiri hawezi kupita hapo bila kusimama. Na rekodi yao ya kwanza, yenye nyimbo tano, iliitwa Translating the Name, Kutafsiri Jina. Nilijiona kama nimealikwa.

Aliyeimba humo ni Anthony Green, kijana wa Pennsylvania aliyevuka nchi nzima kwenda kujiunga nao. Sauti yake ni nyembamba na ya juu mno, na huwa kama inataka kukatika lakini haikatiki. Mwanzoni mwa 2004 aliondoka, akarudi upande wa kwao na kuanzisha bendi nyingine, Circa Survive. Wenzake wakabaki na nyimbo tano zilizopendwa na bila mtu wa kuziimba. Walisikiliza watu wengi, hadi ikawafikia rekodi ya kijana ambaye hakuwa hata na miaka 20, Cove Reber. Husimuliwa kwamba Beau Burchell, mpiga gitaa, alipoisikia alidhani ni Green anayewatania.

Niliposoma habari hiyo niliweka simu chini. Kumbe naye aliajiriwa kwa kufanana na mtu. Kisha miaka yote aliyokaa pale akasikia kwamba hafanani naye vya kutosha.

Albamu yao ya kwanza kamili, iliyobeba jina la bendi, ilitoka 2006 chini ya Capitol, na aliyeisimamia studio ni Howard Benson. Mayowe yamepungua sana. Viitikio ni vipana, sauti ya Reber imepangwa tabaka juu ya tabaka, magitaa yanasogea pembeni kumpisha. Waliopenda ile ya 2003 walisema mwimbaji mpya ameua sauti ya bendi.

Hapo ndipo mwanaisimu ndani yangu alipoamka. Kifaransa kina voix kwa kinachotoka kooni na son kwa kinachotoka kwenye spika. Sisi tuna sauti, neno moja tulilolipata kwa Waarabu, na tunalitumia kwa yote mawili bila wasiwasi. Nilidhani huo ni upungufu wa Kiswahili. Lakini wale mashabiki wa Marekani, ambao lugha yao ina maneno mawili, walichanganya mambo vilevile: waliposikia muziki umebadilika walimtazama mwenye koo. Wazee wetu nao, tangu Wenge Musica igawanyike mwaka 1997, hawajamaliza kubishana ni nani kati ya JB Mpiana na Werrason aliyeondoka na sauti.

Mimi nina ushahidi wa upande wa pili. Wimbo wao Bury Your Head ulirekodiwa na Reber mara mbili, kwanza kwa rekodi fupi ya 2005, halafu kwa albamu ya 2006. Koo ni lile lile na wimbo ni ule ule, lakini ukizisikiliza moja baada ya nyingine utatambua kwamba chumba kimebadilika, mikono iliyochanganya imebadilika, na hata wasikilizaji waliokusudiwa si wale wale.

Ya 2009 naipita haraka; haikunigusa. Mwaka 2010 Reber aliachana na bendi. Mwaka 2014 Green alirudi, na 2016 wakatoa Along the Shadow. Niliifungua nikitarajia 2003. Haikuwemo. Ni nzito kuliko ya 2009, kweli, na mayowe yamerudi, lakini koo la Green limekomaa na kukwaruza, na mpiga gitaa Justin Shekoski hayumo tena. Hata mwenyewe hakuweza kujirithi.

Nikaenda kwa Maestro.

"Maestro, naomba tushushe zaburi toni moja na nusu."

"Mwanangu, watu wanaijua hivi ilivyo."

"Wanamjua yaya, Maestro."

Alinyamaza muda mrefu, akigusa kinanda bila kukibonyeza. Alhamisi iliyofuata tukajaribu. Wa besi walilalamika kwamba tunawazika. Mpiga kinanda alilazimika kuacha kipande alichokizoea na kubuni kingine, cha polepole. Wa alto, ambao siku zote walikuwa wamefunikwa, wakasikika. Nilifika kwenye noti yangu ya juu nikiwa na pumzi ya akiba. Ulikuwa wimbo mwingine. Baada ya misa watu watatu walinipongeza na mmoja aliniuliza kwa nini tumeiharibu. Sikumjibu, maana hata mimi huikumbuka ile ya zamani, na nikiwa peke yangu bafuni huijaribu bado.

Juma lililopita yaya alipiga simu kutoka Kolwezi. Tuliulizana habari za nyumbani, za kazi, za mvua. Halafu akasema, "Mudogo, nasikia mumeshusha. Unitumie nisikie."

Nimeirekodi mara mbili. Zote mbili zimo kwenye simu. Bado sijatuma.