Moyo Uendapo Mbio

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa la alasiri hapa Mtangawanda, mama mmoja alisubiri mpaka wenziwe wakaondoka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, usiku moyo wanienda mbio, kifua chanibana, na vidole vyafa ganzi. Nahisi nafa." Mumewe alikuwa safarini na deni la dukani lilikuwa limemwelemea. Nikamjibu upesi, kama mtu aliyeulizwa suala jepesi: zidisha dhikri, imani yako imelegea. Akashukuru, akaenda zake.

Msimu wa kusi wa mwaka juzi, mwanangu alitoka kwenda kuvua, na siku ya kurudi hakurudi. Kumbe mashine ya mashua iliharibika, wakajihifadhi Kizingitini, na simu zao zimeingia maji. Siku mbili nilisimama gatini nikitazama bahari. Alirudi salama, alhamdulillahi, tukala pamoja. Lakini mwili wangu ni kama haukupata habari kwamba amerudi. Wiki nyingi baadaye, usiku ukiingia, moyo ulinidunda, mikono ikawa baridi, tumbo likasokota, vidole vikafa ganzi. Dalili zilezile za yule mama. Na dhikri sikuwa nimeiacha hata siku moja.

Nikapanda boti kwenda Amu. Daktari alinipima moyo na damu, kwani upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo nayo huufanya moyo uende mbio, na maumivu ya kifua si jambo la kukisiwa nyumbani. Akaniambia: "Sheikh, moyo wako ni mzima. Unafanya kazi uliyoutuma." Akanieleza kwamba mtu akiingiwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga kichocheo kinachoutayarisha mwili kukimbia au kupigana. Moyo huongeza kasi, damu huelekea kwenye misuli ikapungua tumboni na kwenye ngozi, pumzi zikawa fupi za haraka. Na pumzi hizo zikizidi, ndizo ziletazo kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Njiani kurudi, tukingoja maji yajae ili tupite Mkanda, nilikumbuka niliyoyasoma tangu utotoni bila kuyazingatia. Nabii Musa alimlalamikia Mola wake kwamba kifua chake kinabana na ulimi haufunguki. Nabii Yaaqub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Ni nani atakayethubutu kusema imani yao ililegea? Na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akieleza jinsi kimoja kinavyokiuguza chenziwe. Mimi nilikuwa nimemtibu yule mama nusu tu, tena kwa lawama.

Daktari alinifundisha kuvuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya nne na kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita, kwa dakika chache, nyayo zikiwa zimetulia chini. Pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo hupunguza mwendo. Siku za mwanzo sikuona faida, nikakaribia kuacha. Mimi huufanya baada ya udhu, kabla ya nyiradi za kulala. Asubuhi natembea hadi gatini na kurudi. Kahawa ya barazani baada ya isha nimeiacha, na hili, wallahi, lilikuwa gumu kuliko yote. Usiku mwingine moyo bado hunijia kwa kishindo, lakini sasa naujua, siuogopi.

Mwezi uliopita nilikwenda na mke wangu nyumbani kwa yule mama. Nikamwomba radhi kwa jibu langu, nikamsimulia yaliyonipata, na ile ganzi ya vidole. Alinitazama kitambo, kisha akacheka.

"Mwalimu," akasema, "na wewe pia?"

Kisha akaanza kunieleza, tangu mwanzo.